Tuijue Namba 61,741,120



Katika darasa la kisomo umejifunza kusoma na kuandika namba. Ulianza na moja hadi kumi. Ukaendelea hadi mia, kisha hadi elfu. Leo tutachukua namba moja kubwa na kuichunguza. Tutaisoma, tutaigawa, tutaivunja na tutaikagua. Ukiijua vizuri namba moja kubwa, hutaogopa nyingine.

Namba yenyewe ni hii: 61,741,120.

Namba yenye watu ndani yake

Namba hii ni idadi ya watu wa Tanzania waliohesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Sensa hiyo ilihesabu watu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza na wakaandika. Tarehe 31 Oktoba 2022, huko Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliitangazia nchi matokeo.

Kama ulihesabiwa hapa Kisanga, basi wewe umo ndani ya namba hii. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake alihesabiwa mtu mmoja. Mzee asiyeweza kutoka kitandani alihesabiwa mtu mmoja. Waziri naye alihesabiwa mtu mmoja. Katika sensa hakuna mtu wa nusu wala mtu wa mbili.

Tuisome

Namba ndefu huandikwa kwa mafungu. Kila fungu lina tarakimu tatu, ila la kushoto kabisa laweza kuwa na pungufu, na mafungu hutengwa kwa alama ya mkato. Hesabu mafungu kutoka kulia:

120 ni fungu la mwisho: mia moja na ishirini.
741 ni fungu la maelfu: mia saba arobaini na moja elfu.
61 ni fungu la mamilioni: milioni sitini na moja.

Sasa soma kutoka kushoto: milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Wengine husema laki saba na arobaini na moja elfu. Si kosa. Laki moja ni 100,000. Neno hilo lina asili ya Bara Hindi, na limezoeleka sana katika biashara zetu.

Tazama tarakimu 1. Imo mara tatu katika namba hii. Ya kwanza kutoka kushoto ni milioni moja. Ya pili ni elfu moja. Ya tatu ni mia moja. Umbo ni lile lile, lakini thamani si moja. Thamani ya tarakimu hutokana na mahali ilipokaa.

Jambo hili si la darasani tu. Mtu akikuandikia hati ya deni la shilingi 120,000, kisha mwingine akaongeza sifuri moja mwishoni, deni litakuwa shilingi 1,200,000. Sifuri peke yake si kitu, lakini ikikaa mahali pake humfilisi mtu. Kwa hiyo usitie sahihi kwenye hati yenye tarakimu tu. Dai kiasi kiandikwe na kwa maneno pia.

Ni kubwa kiasi gani?

Tuseme unataka kuwahesabu watu hawa mmoja mmoja. Kila sekunde unataja mtu mmoja. Huli, hulali, hupumziki. Siku moja ina sekunde 86,400. Ukigawa 61,741,120 kwa 86,400 utapata siku 714 na saa 14 hivi. Hiyo ni karibu miaka miwili. Ndiyo maana sensa haifanywi na mtu mmoja. Kila karani huhesabu eneo lake dogo, kisha hesabu zote hujumlishwa.

Inagawanyika kwa ngapi?

Namba nyingine hugawanyika bila baki, nyingine hubakisha. Unaweza kujua hata kabla ya kugawa.

Kwa 2: tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, namba hugawanyika. Namba yetu inaishia na 0. Kwa hiyo ni namba shufwa. Namba isiyogawanyika kwa 2 huitwa witiri.

Kwa 5: namba huishia na 0 au 5. Yetu inagawanyika.

Kwa 10: namba huishia na 0. Yetu inagawanyika. Watu wote wakikaa kumi kumi, tutapata makundi 6,174,112, na hakuna atakayekaa peke yake.

Kwa 4: tazama tarakimu mbili za mwisho. Hapa ni 20, nayo hugawanyika kwa 4. Basi na namba nzima hugawanyika.

Kwa 8: tazama tarakimu tatu za mwisho. Hapa ni 120. Nane mara kumi na tano ni 120. Inagawanyika.

Kwa 3: jumlisha tarakimu zote. 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3, hubaki 1. Basi na namba yetu haigawanyiki kwa 3. Watu wote wakikaa watatu watatu, mmoja atakosa wenzake.

Sasa fikiri mabasi yanayopita Mikumi kwenda Iringa na Mbeya. Kama kila basi lingechukua watu 64, Watanzania wote wa sensa ile wangejaa katika mabasi 964,705. Hakuna kiti ambacho kingebaki wazi, na hakuna mtu ambaye angesimama.

Mtu mmoja akikosekana

Tuseme mtu mmoja tu alijificha karani alipopita. Labda aliogopa kwamba anatafutwa kwa ajili ya kodi. Namba ingekuwa 61,741,119.

Itazame namba hiyo. Si shufwa tena, ni witiri. Haigawanyiki kwa 2, wala kwa 4, wala kwa 5, wala kwa 8, wala kwa 10. Lakini sasa inagawanyika kwa 3, kwa sababu jumla ya tarakimu zake ni 30. Mtu mmoja kati ya milioni sitini na moja amebadili tabia zote hizo.

Usiseme, "Mimi ni mmoja tu, nikikosekana haidhuru." Katika hesabu, mmoja ana uzito wake. Na shule, zahanati na visima hupangwa kwa hesabu ya watu. Watu wakijificha mia moja katika kijiji, kijiji kizima kitaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Tuivunje mpaka mwisho

Namba kubwa ni kama gogo. Unaweza kulipasua vipande, ukavipasua tena, mpaka ufike mahali ambapo shoka halipasui tena. Tuanze na 2:

61,741,120 ÷ 2 = 30,870,560
30,870,560 ÷ 2 = 15,435,280
15,435,280 ÷ 2 = 7,717,640
7,717,640 ÷ 2 = 3,858,820
3,858,820 ÷ 2 = 1,929,410
1,929,410 ÷ 2 = 964,705

Hapa 2 imegota, kwa sababu 964,705 ni witiri. Lakini inaishia na 5, basi tugawe kwa 5:

964,705 ÷ 5 = 192,941

Kisha kwa 7:

192,941 ÷ 7 = 27,563

Kisha kwa 43:

27,563 ÷ 43 = 641

Na 641 je? Jaribu kuigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Kila mara itabakisha. Huna haja ya kuendelea, maana 26 mara 26 ni 676, nayo imekwisha kuizidi 641. Kama 641 ingekuwa na kigawo kikubwa, ingekuwa na kidogo pia, nacho ungekwisha kukiona. Namba kama hii, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Haizai namba nyingine ukiigawa.

Basi namba ya watu wetu imejengwa hivi:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Kila namba kubwa kuliko moja ama ni tasa, ama imejengwa kwa namba tasa. Na ujenzi wake ni mmoja tu. Wewe ukianza na 7 na jirani yako akianza na 2, mwishoni mtapata vipande vile vile. Kwa vipande hivi tunaweza kujua pia kwamba namba 61,741,120 inagawanyika bila baki kwa namba 112 tofauti, kuanzia 1 hadi yenyewe.

Namba 641 na mtaalamu aliyekosea

Hii 641 ina historia yake.

Chukua 2 uizidishe kwa yenyewe, upate 4. Zidisha 4 kwa yenyewe, upate 16. Endelea hivyo: 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Sasa kila moja, tangu ile 2, iongezee 1. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Huko Ufaransa alikuwapo mwanasheria mmoja, Pierre de Fermat, aliyefariki mwaka 1665. Alipenda sana hesabu, na alikuwa hodari. Aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Akaamini kwamba na ile ya sita, 4,294,967,297, ni tasa pia. Aliheshimiwa sana, na miaka mingi ilipita bila mtu kuonyesha kosa lake.

Mwaka 1732 mtaalamu wa Uswisi, Leonhard Euler, alionyesha kwamba si hivyo. Ile namba ya sita inagawanyika kwa 641:

641 × 6,700,417 = 4,294,967,297

Tunajifunza nini? Mara tano za kweli hazithibitishi ya sita. Mnunuzi wa mazao anaweza kupima sawasawa mara tano. Mara ya sita tazama mizani tena. Si kwa sababu unamwita mwizi, bali kwa sababu kukagua ni haki yako. Hata mtu mwenye elimu kubwa hukosea. Hesabu haiangalii cheo cha mtu.

Kukagua kwa tisa

Sasa tujifunze njia ya kukagua hesabu kwa haraka. Ni njia ya zamani. Wataalamu wa Bara Hindi na wa Kiarabu waliitumia tangu miaka elfu moja iliyopita.

Chukua namba. Jumlisha tarakimu zake. Ukipata jumla yenye tarakimu mbili, zijumlishe tena, mpaka ubaki na tarakimu moja. Hiyo tuiite alama ya namba. Ukipata 9, ihesabu kuwa 0.

Namba yetu: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22. Kisha 2 + 2 = 4. Alama yake ni 4.

Kwa nini inakuwa hivyo? Chukua punje 10 za mahindi, uzipange tisa tisa. Itabaki punje 1. Chukua punje 100. Utapata mafungu 11, itabaki 1. Punje 1,000 zitafanya mafungu 111, itabaki 1. Basi kila kumi hubakisha moja, kila mia hubakisha moja, na kila elfu hubakisha moja. Katika 741, mia saba hubakisha 7, makumi manne hubakisha 4, na mwishoni iko 1. Jumla ni 12, na 1 + 2 ni 3. Kwa hiyo alama ni baki la kugawa kwa tisa.

Sasa tuikague sensa. Tanzania Bara walihesabiwa watu 59,851,347. Zanzibar walihesabiwa watu 1,889,773. Je, jumla yake ni kweli 61,741,120?

Bara: 5 + 9 + 8 + 5 + 1 + 3 + 4 + 7 = 42. Kisha 4 + 2 = 6.
Zanzibar: 1 + 8 + 8 + 9 + 7 + 7 + 3 = 43. Kisha 4 + 3 = 7.
Alama zote mbili: 6 + 7 = 13. Kisha 1 + 3 = 4.

Alama ya jumla ni 4. Zimekubaliana.

Tukague kwa njia nyingine. Wanawake walikuwa 31,687,990, na wanaume 30,053,130. Alama ya wanawake ni 7. Alama ya wanaume ni 6. Jumla 13, yaani 4. Zimekubaliana tena.

Njia hii hufaa kwa kuzidisha pia. Tuseme umeuza magunia 24 ya mahindi, kila gunia shilingi 65,000. Mnunuzi amekuandikia shilingi 1,460,000. Kagua. Alama ya 24 ni 6. Alama ya 65,000 ni 2. Sita mara mbili ni 12, yaani 3. Lakini alama ya 1,460,000 ni 2. Hazikubaliani, kwa hiyo hesabu si sahihi. Rudia polepole utapata 1,560,000. Hapo ulikuwa unapoteza shilingi laki moja, na umeiokoa kwa kujumlisha tarakimu chache tu.

Pale tisa inaponyamaza

Lakini tahadhari. Alama zikikataa, kosa lipo kwa hakika. Alama zikikubaliana, bado hujawa na hakika. Tarakimu zikibadilishana mahali, jumla yake haibadiliki. Alama ya 45 ni 0 na alama ya 54 ni 0. Tisa hailioni kosa hilo.

Hata hivyo, kosa la aina hiyo huacha nyayo zake. Toa 45 katika 54, utapata 9. Toa 27 katika 72, utapata 45, nayo ni tisa mara tano. Tarakimu zikibadilishana mahali, tofauti hugawanyika kwa 9 daima.

Nilipata kuona faida ya jambo hili katika kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Siku ya kufunga hesabu, sanduku lilipungua shilingi 18,000 kuliko daftari. Mweka hazina alikuwa mama mmoja aliyejifunza kusoma ukubwani. Aliapa kwamba hakugusa fedha. Wengine walikwisha anza kunong'ona kwamba amezila. Mmoja alisema wazi kwamba aondolewe siku ile ile. Mama yule alikaa kimya na kushika kichwa.

Nikawaomba wanachama wasubiri. Tukagawa 18,000 kwa 9. Tukapata 2,000 bila baki. Nikasema, "Tutafute katika daftari mahali ambapo tarakimu ya makumi elfu inaizidi ya maelfu kwa 2." Tukapitia ukurasa baada ya ukurasa. Tukakuta mapato ya shilingi 86,500. Tukafungua nakala za stakabadhi. Stakabadhi ya siku ile ilisema shilingi 68,500. Mama alipokea 68,500, akaziweka zote sandukuni, lakini katika daftari akaandika 86,500. Tofauti yake ni 18,000 kamili.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Tisa haikumtoa mama yule hatiani. Kilichomtoa ni stakabadhi. Tisa ilituonyesha mahali pa kutazama. Kama stakabadhi isingekuwapo, tungebaki na maneno tu. Yule aliyetaka aondolewe alimwomba radhi mbele ya wote. Mama aliendelea na kazi yake, na tangu hapo watu wawili husoma kila kiasi kwa sauti kabla ya kukiandika.

Mambo ya kukumbuka

Thamani ya tarakimu hutokana na mahali ilipokaa.
Andika kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno.
Kila namba kubwa kuliko moja ama ni tasa, ama imejengwa kwa namba tasa.
Alama za tisa zikikataa, hesabu ina kosa.
Tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizobadilishana mahali.
Tunza stakabadhi. Usimshutumu mtu kabla ya kukagua.

Mazoezi

1. Soma kwa sauti, kisha andika kwa maneno: 1,889,773.

2. Katika sensa ya mwaka 2012 walihesabiwa watu 44,928,923. Je, namba hiyo ni shufwa au witiri?

3. Kutoka mwaka 2012 hadi 2022 watu waliongezeka 16,812,197. Kagua kwa tisa: 44,928,923 + 16,812,197 = 61,741,120.

4. Mtu ameandika: 31,687,990 + 30,053,130 = 61,741,210. Kuna kosa. Je, tisa italiona? Eleza kwa nini.

5. Chukueni daftari la kikundi chenu au la duka lenu. Kagueni ukurasa mmoja kwa tisa, wote pamoja.

Majibu

1. Milioni moja, mia nane themanini na tisa elfu, mia saba sabini na tatu.

2. Witiri, kwa sababu inaishia na 3.

3. Alama ni 5 na 8. Jumla ni 13, yaani 4. Alama ya 61,741,120 ni 4. Zimekubaliana.

4. Tisa haitaliona, kwa sababu tarakimu 1 na 2 zimebadilishana mahali. Tofauti ni 90, nayo hugawanyika kwa 9.

5. Jibu la swali hili limo katika daftari lenu.